Swali la Baba Kuhusu Njia ya Maji

Mwaka ule wa ukame sukari ilikuwa hadithi tu, na sabuni tuliikata vipande vidogo kama pipi. Kijijini kwetu Daudi, huku milimani, malisho yalikuwa yamekwisha, na baba alikuwa amewakabidhi ng'ombe wetu wote kwa rafiki yake aliyeishi kule chini, kwenye tambarare za Hanang. Ndivyo watu wa milimani walivyofanya: ng'ombe wako analala kwenye boma la mwenzako, yeye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Kilichotunyima usingizi ni matrekta. Mashamba ya ngano ya serikali yalipanuka kila msimu, na sasa tulisikia yanaikaribia njia ambayo ng'ombe hupita kwenda ziwani. Njia ile ikilimwa, ng'ombe hawana maji.

Kiongozi mmoja wa serikali akaja kutuhutubia. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, amevaa suti ya kaunda, na sauti yake ilikuwa nzuri ajabu. Alisema nchi iko katika wakati mgumu, tufunge mikanda, ngano ile ni chakula cha Taifa. Halafu, bila kuulizwa, akasema njia ya maji haitaguswa.

Mama alitaka ng'ombe warudishwe huku mlimani siku ileile, hata kama wangekonda kwa kula mabua. Baba alikataa. Kwetu mkutano hufunguliwa kwa dua ya wazee, na anayesimama kusema baada ya dua hiyo hathubutu kudanganya, maana laana itamrudia yeye na watoto wake. Baba aliamini kwamba kiongozi naye analijua hilo. Mimi mpaka leo nina hasira na ile sauti nzuri. Ilitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nasi tukajiona tunang'aa.

Mvua zilipokaribia, yule rafiki wa baba alipanda mlima kwa miguu. Alikunywa uji kwanza. Kisha akaeleza kwamba njia imelimwa yote, ng'ombe wakakatiza shambani kufuata maji, na walinzi wakawakamata, wake na wetu. Alikwenda kuwaomba, akafukuzwa. Baba hakumlaumu. Alimuuliza tu kama yule ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amekwisha kuzaa.

Baada ya mavuno kiongozi alirudi. Safari hii alisimama karibu kabisa na gari lake, na wazee walipoinuka kwa ajili ya dua yeye alikuwa ameshaanza kusema. Alitushukuru kwa kujitolea. Watu walipiga makofi, kwa sababu mgambo walikuwa nyuma yetu na virungu vyao. Niliona hakuna mtu anayemtazama mwenzake, na nikaogopa. Mwisho akauliza kama kuna swali, kwa namna ya mtu anayekusanya vitu vyake aondoke. Baba akasimama.

Alisema, "Shikamoo, ndugu kiongozi. Ile njia ya maji uliyosema haitaguswa, imelimwa. Ng'ombe wetu tuwafuate wapi?"

Kiongozi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, aliitikia marahaba. Akatabasamu.

"Mzee, unaitwa nani?"

Kwetu mtu akiulizwa jina mbele ya watu hujitambulisha kikamilifu, la sivyo amewadharau waliomzaa. Baba alitaja jina lake, la baba yake na la babu yake. Akataja ukoo, akataja kitongoji. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha kilima ilipo nyumba yetu, na uso wake ulikuwa na furaha, maana alidhani jibu limeanza. Mama alinibana vidole mpaka vikauma. Kiongozi alisema asante, mzee, kaa. Akafunga mkutano.

Hakuna aliyewahi kuja kwetu. Lakini miaka yote, mpaka nilipokwenda chuo cha ualimu, gari likisikika linapanda mlima mama alimwagia moto maji na kutuambia tunyamaze. Baba yeye alivaa koti lake, akatoka, akasimama kando ya barabara. Alikuwa bado anangoja kujibiwa.