Mazishi ya Bata Mheshimiwa

Mimi ni fundi viatu, na sisemi uongo ila kwa mteja anayeuliza kiatu chake kitakuwa tayari lini. Kwa hiyo mniamini nikisema kwamba bata yule alikuwa mbaya. Alikuwa bata wa jirani yangu Mama Sindano, mshonaji ambaye duka lake limepakana na kibanda changu. Tulimwita Mheshimiwa kwa sababu alitembea kifua mbele na hakumpisha mtu njia.

Mama Sindano mwenyewe ni mwanamke wa kucheka. Umri umeenda, miwani yake ameifunga kwa uzi mweusi, na pini hazimtoki mdomoni hata akizungumza. Ukimpelekea suruali ipunguzwe kiuno, atakuuliza kwanza kama umekonda wewe au yamekonda maisha. Anamlea mjukuu wake wa miaka mitano, binti ambaye mtaa mzima tunamwita Redio, maana huanza kusema kabla hajanawa uso na hazimiki mpaka alale. Wazazi wake wanafanya kazi mbali. Nusu ya maneno yake yote alikuwa akimwambia bata.

Asubuhi moja Mheshimiwa alikutwa chini ya meza ya kukatia nguo, amekufa. Uzee tu. Redio akamtazama, akamgusa mdomo, kisha akanyamaza. Hakulia. Alikaa juu ya gunia la vipande vya nguo, chai hakunywa, na ukimuuliza kitu anatazama ukuta. Adhuhuri ikafika hajatamka neno. Mimi ambaye kila siku nilikuwa naomba anyamaze walau nimalize kushona soli moja, siku ile kimya chake kilinitia hofu, na nikamwambia bibi yake hivyo. Akanijibu kwamba naye hofu anayo.

Basi tukafanya yale wanayoyajua watu wazima, tukaandaa mazishi. Mimi nilitoa boksi la mabuti. Mama Sindano akashona mfuko wa satini iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara akaja kuchimba shimo nyuma ya duka, kitana bado kakichomeka kichwani, na muuza mkaa naye akafika, amenawa mpaka viwiko kwa heshima ya msiba.

Sasa marehemu, kama mjuavyo, hasemwi vibaya. Kinyozi akaanza, akasema Mheshimiwa alikuwa bata mpole, mwenye kupenda watu. Muuza mkaa akaongeza kwamba hakuwahi kumkosea mtu. Mimi nami sikutaka kuachwa nyuma, nikasema alikuwa msafi. Msafi! Mimi huyu, niliyekuwa nikifuta vinyesi vyake kwenye viatu vya wateja kila uchao. Tulimvika yule bata kilemba cha ukoka, tukamwekea na kingine juu yake.

Redio akainua uso.

"Huyo siye," akasema. "Mnamzika bata mwingine."

Hapo ndipo alipolia. Alilia akituuliza wake yuko wapi, yule wake. Kinyozi akajifanya anasawazisha udongo ambao ulikuwa umeshasawazika.

Mama Sindano akatema pini zake kiganjani. Akachuchumaa mbele ya boksi, akamwambia bata, si mtoto: "Wewe ulikuwa mwizi. Ulichomoa utepe wa gauni ukaupitisha kwenye tope asubuhi ya harusi yenyewe, nami nikamdanganya bibi harusi kuwa rangi ile ndiyo mtindo mpya." Redio akakatisha kilio ili asikie. Kinyozi akakohoa, akasema kama ni hivyo, basi naye ana lake: mteja wake alikuwa ameshanyolewa upande mmoja, Mheshimiwa akamng'ata shavu la mguu, mtu akatoka mbio na nusu kichwa, na yeye kinyozi pesa hakuiona. Muuza mkaa akakiri, macho chini, kwamba siku moja bata alimzuia chooni mpaka akapiga kelele za kuomba msaada. Mimi sikutaka maneno. Nilitembea tu mbele ya kaburi kama alivyotembea marehemu kila alipomaliza kuharibu, kifua mbele na makalio yangu haya nyuma.

Redio akacheka. Machozi yanamtiririka, makamasi yamefika mdomoni, naye anacheka. Akanikumbusha siku niliyodonolewa kidole nikaruka na kopo la gundi, na tangu hapo akawaka, hapakuwa na wa kumzima. Alitutajia makosa ya Mheshimiwa ambayo hata hatukuyajua, mengine nadhani ni yake mwenyewe. Tukamfukia bata huku tumeshika mbavu, na nasema wazi kwamba nimewahi kwenda sherehe nisifurahi hivyo.

Jioni nilikuwa nafunga kibanda. Mama Sindano amerudi kwenye cherehani, Redio yuko miguuni pake anakula na kusema, anasema na kula. Kisha akainua macho kwenye picha ya babu yake iliyo ukutani. Mzee alifariki Redio akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na sisi wote tukimtaja mbele yake huwa tunasema hayo hayo, kwamba alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu.

"Bibi, babu naye alikuwaje?" akauliza. "Lakini useme babu yetu, siyo mwingine."

Cherehani ikasimama. Mama Sindano akamtazama mumewe ukutani kwa muda, mpaka nikadhani atalia. Halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Babu yako," akasema, "alikuwa haambiliki. Kaa vizuri nikusimulie."

Nikaacha kufuli ikining'inia, nikavuta kigoda changu mpaka mlangoni pao. Nami yule mzee nilikuwa na yangu mengi ya kumsema, na nilikuwa nimemkumbuka sana.