Suruali Hazikumpwaya

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani, na mji wake wote ulimwita Mkasi. Mafundi walikuwa wengi pale na kila mmoja alikuwa na mkasi, lakini jina alipewa yeye peke yake kwa sababu ya mdomo. Ukimpelekea kitambaa pungufu ukataka suti nzima, alikuuliza kwa upole kama suruali aishone mguu wa kulia au wa kushoto. Mteja alicheka, akaongeza kitambaa, na mwaka uliofuata alirudi na mdogo wake. Marehemu mama alizoea kusema kwamba mwanawe huyo alijifunza kujibu kabla hajajifunza kutambaa.

Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja kwenye barabara ya sokoni, na meza ya kukatia ilikula nusu ya chumba. Ukutani kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa, na wateja wanene walipenda kusimama upande wa ufa kwa sababu uliwagawa wakaonekana wembamba. Palikuwa na cherehani tatu. Moja ya kaka, moja ya mzee mfupi, mviringo, tuliyemwita Kifungo, na ya tatu ilikuwa mbovu, ikitoa vipuri vyake kidogo kidogo kuziokoa zile mbili. Kila kiti kilikuwa na mto ulioshindiliwa mabaki ya vitambaa.

Mito ile ilikuwa na maana yake. Mafundi wa barabara ile waliamini kwamba mtu anayekaa kutwa nzima juu ya kiti cha mbao lazima apate bawasiri, kama vile mpishi lazima aungue vidole. Kifungo alikuwa na msemo wake: "Fundi asiye na bawasiri huyo bado hajakaa." Kwa hiyo siku kaka alipoona damu chooni, akamnong'oneza mwenzake, Kifungo alimpa mkono wa pongezi na kumwambia karibu kazini. Kisha akaufumua mto wa kaka, akauongezea mabaki, akaushona upya. Nakasirika nikiandika haya, lakini simkasirikii Kifungo. Alisema alichoambiwa na fundi aliyemfundisha, na yule naye aliambiwa na wake.

Wala kaka hakukaa tu. Alikwenda zahanati ya mtaani kwake. Daktari wa pale, mtu mwema aliyelemewa na foleni, alimuuliza kazi yake, akasikia ni fundi, akatikisa kichwa kama anayejua tayari. Akampa dawa ya kupaka, na ya minyoo kwa tahadhari. Aliporudi akapewa ya amiba. Aliporudi tena akaambiwa apunguze pilipili, naye kaka hakuwa anakula pilipili hata kidogo. Hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Chombo cha kumwangalia ndani hakikuwepo hapo, na katika hospitali kubwa ya mkoa wake hakikuwa na wa kukitumia. Pale hospitali, kwa maelezo ya wifi yangu, mke wa kaka, mashine ililetwa, ikafunguliwa, ikapigwa picha, na mtaalamu wake akahamishwa.

Mimi naishi mkoa mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi kutoka kwake. Nilihamia huku kufuata mume, na nikabaki kufundisha jiografia katika shule ya sekondari. Sikuchagua mkoa kwa ajili ya hospitali. Hakuna bibi harusi anayeuliza mambo hayo. Lakini tumbo liliponisumbua na nikaona damu, nilitoka darasani mchana, nikavuka barabara mbili, na kabla ya wiki kwisha daktari mwanamke, kijana wa kufaa kuwa mwanafunzi wangu, alikuwa amenilaza ubavu na kuniingiza kamera. Nilimwambia kwamba sijawahi kuaibika namna hiyo. Akanijibu, "Mwalimu, aibu inapita. Tulia, tunakaribia kumaliza."

Alikuta uvimbe mdogo katika utumbo mpana. Ilikuwa saratani, lakini bado ilikuwa changa. Nikapasuliwa, nikakatwa kipande, nikapewa dawa zilizonifanya niichukie hata harufu ya chai, na nikapona. Yule daktari aliniambia neno moja nililotoka nalo pale mbio: ndugu zangu wa tumbo moja nao wapimwe, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kuzunguka ndani ya ukoo.

Ndugu wa tumbo moja nilikuwa naye mmoja tu. Nikampigia simu siku hiyo hiyo.

"Niambie, mgonjwa wangu," akasema. Nilisikia cherehani ikinguruma nyuma yake.

"Kaka, zima hiyo mashine. Nina swali la aibu."

"Aibu za mwalimu! Haya, nimezima."

"Ukienda haja, unaona damu?"

Akaangua kicheko. "Hiyo ni bawasiri, mama. Sisi mafundi tunazaliwa nayo. Waulize wenzangu wote hapa."

Nilimwambia yote: kamera, uvimbe, ukoo. Alisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akaniambia atakuja. "Ila ngoja nimalize sare za shule. Nikifunga kibanda msimu huu, watoto wa watu watakwenda shule na chupi." Nilicheka. Sare zikaisha, zikaja za kwaya, baada ya kwaya zikaja za timu ya mpira. Kila nilipompigia nilimkuta yuko ukingoni mwa kumaliza. Nikabembeleza, nikafoka, nikamwambia wifi amfungie mlango. Wifi akaniambia, "Kaka yako unamjua. Ukimsukuma anakaa chini."

Likizo ilipofika nikapanda basi mwenyewe kwenda kumchukua. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mgonjwa. Nikamkuta amesimama mlangoni pa kibanda amevaa suruali ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikaweza kukata mkate, na shati limemkaa mabegani sawasawa. Uso ulikuwa umekonda, ndiyo, lakini sote tulikuwa tunazeeka. Nilipomwambia amepungua, alijipiga kiunoni. "Nimepungua wapi? Ningepungua si suruali ingenivuka?" Wifi akadakia, "Jibu lake ndilo hilo hilo, wifi. Kila nikimwambia, ananionyesha suruali." Nikaitazama, na kweli, haikumpwaya hata kidogo. Nikapumua. Akaapa kwamba atanifuata baada ya mwezi, na mimi nikarudi kazini kwangu peke yangu.

Hakunifuata. Kabla mwezi haujaisha, tumbo lilifunga. Alianguka kwenye meza ya kukatia, kitambaa cha mteja mkononi, na Kifungo akamshika. Hospitali ya mkoa wake ilimpa barua ya rufaa kuja kwetu. Wifi akakodi gari, akamlaza kiti cha nyuma kichwa chake mapajani mwake, wakaja.

Mimi ndiye niliyemvua nguo kumwandaa kwa daktari, wifi akiwa dirishani anaandikisha jina. Nilipogeuza suruali ile ya kijivu ndani nje, nikaona. Kiunoni, kwa ndani, kulikuwa na mishono juu ya mishono. Alikuwa ameipunguza, akaipunguza tena, kisha tena, na hakuwa amekata kitambaa kilichozidi bali alikuwa amekikunja na kukishona chini kwa mkono ili kisijitokeze. Vifungo vya shati vilikuwa vimehamishwa, na matundu ya zamani yamezibwa kwa uzi wa rangi ile ile. Kazi safi sana. Mtu mwingine akikonda, nguo zake humsema barabarani, jirani akauliza na mke akashtuka. Za kaka hazikusema kitu, maana mwenye kuzisemesha alikuwa yeye. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikalia kwa sauti, na muuguzi akaniletea kiti nisichokitaka.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Hakujitetea. "Fundi akivaa nguo inayompwaya, nani atamletea kitambaa?" Akageuza macho. "Na nilikuwa naogopa, mdogo wangu. Nilipokuwa naziba pale kiunoni, nilikuwa kama nimepona kwa siku kadhaa."

Daktari alikuwa yule yule aliyeniokoa. Safari hii hakuwa na la kuniokolea. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini. Katika chumba chake ukutani kulikuwa na ramani ya nchi iliyopakwa rangi mkoa kwa mkoa. Nimefundisha ramani za mvua, za madini, za mazao na za reli, lakini hiyo sikuwahi kuiona. Ilikuwa ya watu wanaokufa kwa saratani ya utumbo. Mkoa wetu ulikuwa na rangi hafifu. Mkoa wa kaka ulikuwa umeiva.

"Ni maji ya kule?" nikamuuliza. "Ni chakula?"

"Mwalimu, sitakudanganya kwamba tunajua kila kitu," akasema. "Lakini nakwambia ninachokiona mlangoni kwangu. Wagonjwa wa hapa wanakuja kwa miguu yao. Wa kule wanakuja wamebebwa."

Kaka hakutaka kufia wodini. Nikampeleka nyumbani kwangu, nikamlaza sebuleni karibu na dirisha, maana alipenda mwanga wa kushonea hata alipokuwa hana cha kushona. Alilitazama pazia langu kwa siku nzima, na mwisho akasema upindo wake ni dhambi na akaomba sindano. Akaufumua na kuupinda upya akiwa amelala, akipumzika kila baada ya mishono michache. Mume wangu, aliyezoea kutaniana naye, akamwambia, "Shemeji, pazia hilo tulikuwa tumelizoea na upogo wake." Kaka akamjibu kwamba hata yeye alimzoea shemeji yake hivyo hivyo, na upogo wake. Tulicheka mpaka akakohoa.

Wifi alipotoka kwenda dukani, kaka aliniita nikae karibu.

"Wewe ulipona," akasema.

"Nilipona."

"Na wangeniona mapema kama wewe?"

Nilitamani awe na mdomo wake wa zamani, aniulize jambo la utani nimjibu kwa utani. Nikamwambia kweli. "Nadhani ungepona, kaka."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayekubali vipimo vya mteja. "Basi mke wangu usimwambie. Amelala kitandani na mimi miaka yote hii. Akijua ningepona, atajiuliza hakuona vipi, na mimi ndiye niliyemficha. Mwambie ulikuwa ugonjwa mkali. Niahidi."

Nikaahidi. Ni nani angemkatalia mtu yule, kwa sauti ile? Alifariki asubuhi moja nikiwa namkorogea uji, na uji ukaungua. Tukamrudisha kwao, tukamzika. Kifungo alilia kuliko sisi ndugu wa damu, akawa anarudia kwa kila aliyempa pole, "Mimi nilimwambia ni bawasiri. Mimi kwa mdomo wangu." Watu walimwambia ni mipango ya Mungu. Lakini mimi nilikuwa nimeiona ramani, na nilikuwa na hasira na watu walioichora wakaiacha ukutani.

Watu walipotawanyika, nilibaki jikoni na binti mkubwa wa kaka. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, na anaishi mtaa wa pili kutoka kwa mama yake. Mama yake alikuwa uani anaosha masufuria, mlango ukiwa wazi. Binti alikuwa anafuta vikombe na mimi navipanga.

"Shangazi," akaniuliza, "wewe mwaka ule uliugua nini hasa?"

"Utumbo."

"Na baba?"

"Utumbo."

Akaweka kikombe mezani. "Ugonjwa ule ule?"

Nilimtazama. Ana kidevu cha baba yake na ana mikono ya baba yake, na sikuweza kujua ana nini kingine cha baba yake ndani ya mwili ule. Daktari alikuwa amenieleza waziwazi kwamba watoto wa marehemu wote wapimwe, na kwamba wasisubiri dalili. Ningemwambia ugonjwa ulikuwa mkali, haukamatiki, angekwenda kupima nini?

"Ule ule," nikasema.

"Sasa mbona wewe uko hai?"

"Kwa sababu mimi naishi kule na baba yako aliishi hapa. Mimi niliangaliwa mapema. Yeye angeangaliwa mapema, angepona. Na ninyi wote mnakuja kwangu kupimwa, wewe wa kwanza, na safari hii sitaki kusikia habari ya kazi."

Uani, kelele za masufuria zilikuwa zimekoma. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa povu mpaka viwiko, ananitazama mimi peke yangu.

"Angepona?" akauliza.

Nilikuwa nimemwahidi kaka. Binti yake alikuwa amesimama kati yetu na kitambaa cha vikombe mkononi.

"Ndiyo, wifi," nikamwambia. "Angepona."