Bakuli Kwenye Mkanda

Fundi wetu wa mitambo, ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi, hafungui kabati la umeme bila kuligonga na kusema hodi. Jana jioni mota ya mkanda wa sabuni ilifungiwa kifaa kipya cha kuiongoza, na mkanda ukaanza kwenda kinyumenyume. Kompyuta ilikuwa inapeleka agizo la kasi kwenye anwani ya zamani, ile namba ya kupokelea maagizo, lakini kwenye kifaa kipya anwani hiyo ni ya kuweka mwelekeo. "Kasi kahama nyumba, huyu bado anabisha kule kule!" alisema leo asubuhi, akicheka hadi mabega yakatikisika. Vidole vyake vifupi vikabadilisha anwani moja moja, huku akizinong'oneza kama anayebembeleza mtoto. Shangazi hajaribu mkanda kwa mali ya kiwanda. Huweka bakuli lake la chakula. "Likiwafikia, kuleni. Likimwagika, nashinda njaa mimi!" Sisi wapakiaji tulijipanga kule mwisho wa mkanda. Bakuli likaja taratibu, limetulia tuli. "Na wewe utakula nini, Shangazi?" nilimuuliza kwa sauti. "Fungua kwanza, mwanangu!" Nikafungua. Juu ya chakula alikuwa amepanga, tangu nyumbani kwake, vijiko vya kututosha sote, na chake kikiwemo.