Gari Lililougua Tangu Pasaka

Mume wangu ana gari la watu wawili, na nyumbani tuna watoto watano. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia. Gari hilo aliachiwa na bosi wake wa zamani, mzungu mmoja mchimba visima. Yule mzungu aliporudi kwao aliona vibaya kuliacha gari lake la ujana bila mlezi, akalikabidhi kwa dereva wake, yaani mume wangu. Ni gari la mbio la zamani, jekundu, lina turubai badala ya paa, na liko chini kiasi kwamba ukikaa unahisi umekalia barabara yenyewe. Hapa Kasulu wanaliita Kiatu. Vijana wa bodaboda wakimwona anapita stendi wanapiga kelele: "Mzee, cha mguu wa pili umekiacha wapi?" Yeye huwapungia mkono kama mbunge.

Mimi nauza mawese sokoni. Nilitaka gari la kubeba madumu. Hili ukipanda na dumu moja, inabidi ulipakate.

Sasa mwaka huu Kiatu kikaanza kuugua. Pasaka tulikwenda nacho kanisani kikiwa kizima kabisa, ila baada ya hapo, mambo yakaharibika. Asubuhi kinawaka vizuri tu, kinanguruma mpaka kuku wa jirani wanatawanyika. Kikishatoka nje ya mji kinaanza kumisi, kinakohoa, kinarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, kinazima. Mkikaa pembeni kidogo, mkipiga stata, kinawaka kana kwamba si chenyewe kilichowaaibisha. Mnakwenda tena kidogo, kinazima tena.

Fundi wetu alibadilisha plagi. Akabadilisha koili. Akafungua kabureta zote mbili akazisugua kwa mswaki, na mswaki ulikuwa wangu, niligundua usiku nilipotaka kusugua meno. Lakini ugonjwa haukuonekana, na sababu ni kwamba kila dawa ilifanya kazi! Fundi alisema pampu ya mafuta inachemka, akaifunga kitambaa chenye maji, gari likawaka. Siku nyingine mama mmoja wa kwaya alitukuta tumekwama, akaliwekea mikono akaliombea, likawaka. Mume wangu akaliita mrembo wake, akalipapasa usukani, likawaka. Mimi mwenyewe kuna siku nililitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, nalo likawaka, tena haraka.

Basi kila mtu akashikilia dawa yake. Fundi anaapia kitambaa, mama wa kwaya ametoa ushuhuda mbele ya waumini, na mume wangu akawa anaongea na gari kwa sauti ambayo mimi mara ya mwisho kuisikia nilikuwa bado mchumba. Hilo liliniuma, sitaki kudanganya. Mtu anaamka asubuhi, kabla hajanisalimia mimi ameshakwenda uani kukiuliza Kiatu kimelalaje.

Ikaja harusi ya mtoto wa dada yake, Kibondo. Nikasema tupande basi. Akasema tunakwenda na Kiatu. Tulibishana mpaka uji ukapoa, mwisho nikamwambia mbele ya fundi: "Sawa, mzee. Kikitufikisha kanisani kabla ibada haijaanza, sitakisema tena mpaka nazikwa. Kikishindwa, Jumatatu unamwita yule jamaa wa skrepa."

Huyo jamaa, mnunuzi wa vyuma chakavu, alishawahi kuja. Alikigonga Kiatu kwa kidole, akasema "chuma kizuri hiki," na siku hiyo mume wangu alishindwa kula. Kwa hiyo niliposema hivyo alimeza mate. Lakini fundi alikuwa anasikiliza, na mume wangu ni Muha mwenye msimamo, akasema sawa.

Jumamosi tukaondoka. Yeye suti, mimi kitenge kipya cha mshono wa mabega, miguuni dumu la mawese la zawadi, magoti yananigusa kidevu. Mpaka Makere kilikwenda vizuri, nikaanza kuwa na wasiwasi. Mbele kidogo kikakohoa. Kikazima.

"Kitambaa," akasema mume wangu, akashuka mbio, akafunua boneti, akalowanisha leso yake kwa maji yangu ya kunywa. Kikawaka. Tukaenda. Kikazima. Safari hii akakiimbia. Mume wangu hawezi kuimba, hata ng'ombe waliokuwa wanakula majani pale waliinua vichwa. Kikawaka. Nami nimekunja mikono, natazama saa ya simu. Jamani, nilikuwa na furaha! Kila kikikohoa naiona nafasi pale uani. Nitaweka banda la kuku.

Njia panda ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nduta kikazima tena, na pale kikagoma hasa. Alipiga stata mpaka ikaanza kulia kwa uchovu. Akavua koti, akaingiza kichwa chote ndani ya boneti, nasikia tu anabembeleza: "Usinifanyie hivi leo. Leo tu. Unajua wamesema nini kuhusu wewe."

Nikashuka, nikamsimamisha kijana wa bodaboda. "Nipeleke kanisani Kibondo."

"Mama, twende, ila mafuta yangu hayafiki. Hicho kigari kina petroli?"

"Kimejaa. Tena Jumatatu hakitaihitaji."

Nikazunguka nyuma kwenye mfuniko wa tangi. Sijawahi kuugusa maishani. Nikaukuta umezungushiwa tyubu ya baiskeli, raundi kwa raundi, imekazwa na kufungwa fundo kama mzigo wa kupeleka Dar. Nikaifungua kwa meno na kucha. Chini ya tyubu, katikati ya mfuniko, kuna katundu kadogo. Nikauzungusha mfuniko.

Pshuuuuu!

Upepo uliingia mle ndani kwa nguvu mpaka kijana wa bodaboda akaruka nyuma. "Yesu wangu, mama, lina nyoka!"

Halikuwa na nyoka. Sauti ile naijua, nimeishi nayo sokoni. Ukimimina mawese kutoka kwenye dumu lenye tundu moja tu, yanatoka kidogo, yanagugumia, yanakwama, na dumu linabonyea mbavu. Hewa haina pa kuingia, mafuta hayana namna ya kutoka. Ukitulia, hewa inajipenyeza polepole, yanatoka tena. Ndiyo maana sisi wauzaji tunatoboa dumu kwa msumari upande wa juu. Kiatu hakikuwa na ugonjwa wa pampu wala koili. Kilikuwa kimezibwa pua! Kitambaa, maombi, nyimbo, matusi yangu, vyote vilikuwa vinakipa muda wa kupumua, basi. Na kila mtu alikuwa anakifunua mbele, hakuna aliyetazama nyuma.

Nikasimama na mfuniko mkononi. Kichwa cha mume wangu bado kimo ndani ya boneti, haoni kitu. Niseme ukweli, nilicheka kimoyomoyo. Nikirudisha tyubu tu, nikakaza fundo, nikapanda bodaboda, nimeshinda. Hakuna mtu angejua. Banda la kuku nililiona mpaka rangi ya mlango.

Ila udadisi ukanishinda. Nikapaza sauti: "Baba watoto! Nani kafunga tyubu huku kwenye tangi?"

"Mimi," akajibu, bila kuinua kichwa. "Tangu Pasaka."

"Ya nini?"

"Si ulilia wewe? Ulisema petroli inarukia nguo zako, mpaka yule mama uliyekaa naye kanisani akahama benchi kwa harufu. Ulisema hutapanda tena gari langu. Nikaziba."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile nililia, ni kweli, nililia kwa hasira njia nzima, na yeye hakusema neno. Mimi nikadhani hakusikia, maana akiwa na Kiatu huwa hasikii mtu. Kumbe alirudi nyumbani, akatafuta tyubu, akakiziba kipenzi chake pua kwa ajili yangu. Halafu akateseka nacho miezi yote hiyo, akamlipa fundi, akachekwa stendi, asijue kwamba anakinyonga mwenyewe.



"Mama, mafuta?" kijana wa bodaboda akauliza.

"Subiri," nikamwambia. Tyubu nikaitupa majanini, mfuniko nikaurudisha mtupu na katundu kake wazi. "Mzee! Acha kukibembeleza. Ingia, washa."

"Hakitawaka."

"Nimesema washa!"

Kikawaka. Kijana tulimwekea petroli ya ahsante, akabaki anatutazama. Hakikukohoa tena hata mara moja, na kwenye kona petroli ilinirukia begani, puu, kwenye kitenge kipya. Nikaipangusa kwa kiganja. Mume wangu aliendesha anatabasamu, ananiuliza mara kwa mara nimefanya nini kule nyuma. Nikamweleza habari ya dumu na msumari. Akasema taratibu, "Kwa hiyo utanuka."

"Nitanuka."

Tulifika maharusi hawajaingia. Nikakaa kwenye benchi. Mama aliyekuwa karibu yangu akanusa, akanusa tena, akaokota pochi yake akasogea mpaka mwisho kabisa. Mume wangu akasogea, akaijaza ile nafasi.