Wakwe Walikuja na Simu

Mimi ni mutu wa kubaki nyumbani. Wenzangu wanashinda barabarani. Mimi nashinda kwenye kiti changu, miguu juu ya kigoda, nikiangalia vile vipindi ambamo vijana wanafungiwa katika nyumba moja, wanapendana na kugombana mbele ya kamera. Zamani tulikuwa na mpira na habari tu. Sasa mtaa mzima unajua nani kule ndani amelala na hasira. Kila jioni nilishangaa: hawa hawana wazazi? Mutu anakubali vipi kuangaliwa akipiga mswaki?

Binti yangu alikaa kando na simu yake, akicheka. Nilidhani anacheka kipindi.

Siku wakwe walipotoka Kiwanja kuja kumposa, nilivaa koti. Kwetu, siku hiyo baba wa binti hasemi kitu. Ana msemaji wake, yeye anakaa tu na uso wa heshima. Uso huo nilikuwa nimeujaribu kwenye kioo tangu asubuhi. Msemaji wao, muzee mwembamba mwenye kofia, hakuanza na salamu za ukoo. Alitoa simu, akaiweka katikati ya chupa za soda.

Nikajiona. Mimi mwenyewe, na singleti yenye tundu, nikimnyooshea kidole kijana wa kwenye televisheni: "Huyu anafanana na mukwe wangu. Kichwa ya beberu, na akili pia."

 Binti yangu, aliyekuwa akigawa soda, aliinamisha uso. Kumbe video alizonirekodi ziko nyingi, na kuna watu wanazingoja mpaka Munigi. Ndugu yangu, msemaji wetu, mwenye maneno kuliko redio, alikuwa anasoma karatasi ya chupa. Nilijua posa ya mutoto wangu imekufa pale mezani, na aliyeiua ni mimi, na singleti.

"Papa," muzee akasema polepole, "tunakuonaka kila juma. Mama ya kijana anachekaka mpaka anashika tumbo. Lakini beberu ni beberu. Mbuzi ya kwanza itatoka kwenu, juu ya kosa. Kisha tutaongea ya kwetu."

Sijawahi kusikia baba wa binti akitoa mbuzi siku ya posa. Nilikubali kwa kichwa, sababu kusema nilikatazwa.

Binti yangu ameolewa, yuko kwake sasa. Siku ile mbuzi wangu alifungwa nyuma ya pikipiki kuelekea Kiwanja, na binti akamrekodi akilia. Video hiyo watu waliiangalia kuliko zangu zote.