Mama Zake Msimamizi

Kabla sijaolewa nilipika katika nyumba ya wazee ya misheni, huku Mbozi. Waliolala pale walikuwa bibi wasio na mtoto wala ndugu. Msimamizi wao alikuwa na shamba lake la kahawa nyuma ya nyumba, na kila msimu bibi hao ndio waliomchumia. Aliyebaki kitandani kwa maumivu ya mgongo alinyimwa ugali. Mimi ndiye niliyeusonga, na mimi ndiye niliyeamriwa nisimpe. Nilimchukia mtu yule hata kwa namna alivyotembea.

Bibi mmoja Mnamwanga, mwenye ulimi mkali kunizidi, alichoka. “Mjukuu wangu,” akaniambia, “nipeleke kwa mwene.” Mwene ndiye chifu wetu, na baraza lake ndilo lililokuwa mahakama. Nikamshika mkono tukaenda, na wenzake wakatufuata na magongo yao.

Wazee wa baraza walijua sheria ya kodi, ya mahari, na ya ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Ya mzee anayetunzwa na watu baki hawakuwa nayo. Wakauliza yuko wapi ndugu wa kumsemea. Hakuwepo. Nikaona kesi inatuponyoka.

Msimamizi, aliyekuwa ameitwa barazani, angenyamaza angeshinda. Lakini mdomo huponza kichwa. Akasimama kwa maringo, akasema, “Mwene, hawa nawalea mimi. Ni mama zangu.”

“Ni mama zako?” mwene akauliza.

“Ndiyo, mwene. Mama zangu kabisa.”

Wazee wakakaa vizuri, maana sheria ya mama waliijua tangu kwa babu zao. Anayemtumikisha mama yake na kumnyima chakula hutoa mbuzi wa kumwomba radhi, na mama ana haki ya kula kwake mpaka kufa. Hukumu ikatolewa palepale. Nilicheka mpaka wakanikaripia.

Kesho yake mchana nilimkuta bibi yangu uani kwa msimamizi, ameketi kwenye kigoda pamoja na wenzake. Mke wa bwana yule alikuwa anawanawisha mikono. Msimamizi akatoka ndani na kikapu cha kuchumia, akasimama kuwatazama.

“Nenda kachume, mwanangu, kahawa imeiva,” bibi akamwambia. “Ukiwahi kurudi utatukuta bado tunakula.”