Fundi Pancha wa Vigwaza

Kocha wetu alikuwa anakunywa tangu asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfichia chupa.

Nilikuwa mpanda farasi kwenye banda moja nyuma ya Kaole. Mwenye farasi, bosi wetu, alikuwa na maduka Bagamoyo mjini, kama baba yake na babu yake. Farasi walikuwa starehe yake. Kocha alitolewa naye Nairobi, ambako alikuwa akipanda farasi kwenye mbio za kulipwa mpaka mgongo ukamkataa. Alikuwa na mwili wa kijana na uso wa mzee. Aliwahi kuniambia kwamba enzi zao walikuwa wakikaa na njaa siku tatu, nne, ili wasizidi uzito, na pombe ndiyo iliyowasahaulisha chakula. Mbio ziliisha, pombe ikabaki.

Sijaona mtu anayemjua farasi kama yeye. Alikuwa akishika mguu, anafumba macho, anasema huyu kesho atachechemea. Kesho yake anachechemea kweli. Kila ninachokijua alinifundisha yeye. Basi mikono ilipomtetemeka, nilimfungia hatamu. Alipotapika nyuma ya banda, nilifukia kwa mchanga. Mwenye farasi akiuliza, nasema kocha ana malaria. Mama aliponiuliza kwa nini nguo zangu zinanuka pombe, nilimjibu ni dawa ya farasi, na yeye, mtu wa swala tano, akanifulia.

Haikuwa huruma. Kocha ndiye aliyekuwa akichagua nani apande siku ya mbio.

Mbio zenyewe hazikuwa kubwa. Wenye farasi wachache walikutana kwenye shamba moja mbele ya Chalinze. Siku hiyo tulipakia farasi wawili kwenye lori saa moja asubuhi. Kocha alikuwa ameshika chupa ya maji ambayo haikuwa na maji, imebaki nusu.

"Kocha, nipe ufunguo. Leseni ninayo."

"Bosi anatusubiri kule. Anione naletwa na binti?"

"Umelewa."

"Basi shuka. Nitampandisha mwingine."

Nilifunga mlango, nikafunga na mkanda.

Tulipofika Vigwaza lori liliacha lami taratibu, kama mtu anayetaka kuegesha. Pembeni palikuwa na fundi pancha amechuchumaa, anatoa tairi la pikipiki, ametugeuzia mgongo. Nilipiga kelele. Kocha aligeuka kunitazama mimi badala ya barabara.

Lori liliposimama, aliruka chini akakimbilia nyuma. Akapapasa miguu ya farasi, mmoja mmoja, yote minane.

"Wazima," akaniambia, anatabasamu. "Hawana hata mchubuko."

Fundi alikuwa chini ya bampa, analia akimwita mama yake. Wanakijiji walikuwa wanakuja mbio. Nikampigia bosi simu.

"Farasi vipi?"

"Wazima. Lakini tumemgonga mtu."

"Alhamdulillahi," akasema, na sikujua amesikia lipi. "Watafutieni kivuli, wasipigwe jua."

Kabla trafiki hawajafika, kocha alinivuta pembeni. Alikuwa analia. "Sema ulikuwa unaendesha wewe. Hujanywa, watakuachia. Mimi wakinifunga nitakufa, mwanangu."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilipoulizwa, nilinyoosha kidole. "Ni huyu. Na amelewa." Alinitazama kama farasi anayemtazama mtu aliyemchapa bila sababu. Walimpulizisha kipimo, wakamfunga pingu.

Alikaa ndani wiki chache, akafungiwa leseni, akarudi bandani. Bosi alimtafutia dereva. Mimi aliniita ofisini kwake, hakunikaribisha kiti.

"Yule anashinda mbio," akasema. "Wewe unashinda nini?"

Nilipokwenda kuchukua viatu vyangu, wenzangu wa bandani, ambao walijua yote niliyoyajua, waliendelea kusugua farasi. Mmoja tu alisema, bila kugeuka, "Umemuuza mtu aliyekulea." Kocha alikuwa kivulini, chupa miguuni. Hakuificha tena.

Baadaye nilikwenda Vigwaza na mfuko wa unga na sukari. Fundi alikuwa amekaa barazani, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Mkewe alinipa kigoda. Nilijieleza mimi ni nani, nikasema ni mimi niliyewaambia trafiki ukweli. Nadhani nilitegemea shukrani.

Fundi aliuliza, "Mlipoondoka huko kwenu, ulijua amelewa?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unajua kuendesha?"

"Ndiyo."

"Ukapanda."

"Nilipanda."

Hakuninyanyulia sauti. Alimwita mkewe, akamnong'oneza. Mama yule akauchukua mfuko, akaufunga mdomo vizuri unga usimwagike, akautoa mpaka barabarani, akauweka mapajani mwa bodaboda aliyenileta.

"Mrudishe," akamwambia.